Kwa nini foleni ya zahanati haiishi?

Wasikilizaji wetu mnatuuliza: kwa nini mtu afike zahanati alfajiri, atibiwe saa nane mchana?

Ikama ya Wizara ya Afya ya mwaka 2014 ilitaka kila zahanati nchini Tanzania iwe na watumishi 15 hadi 20. Vijijini wengi hawafiki nusu yake. Muuguzi anayechanja ndiye anayezalisha. Akiitwa leba, foleni inasimama.

Tangu 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Zinanunua dawa na vifaa, lakini ajira za kudumu husubiri kibali cha Serikali Kuu.

Kamati ya zahanati ina wajumbe wanakijiji. Waulizeni mkutanoni: tunapungukiwa watumishi wangapi, na maombi yamefika halmashauri?