Cape Breton na Wenyeji Wake Wamikmaki

Kisiwa cha Cape Breton kiko mashariki mwa Kanada, katika jimbo la Nova Scotia. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 10,000 na ushei, na mlangobahari wa Canso ndio unaokitenga na bara. Katikati yake limo Bras d'Or, ziwa kubwa la maji yenye chumvi kiasi. Pwani ni ya miamba na ukungu, na udongo wake kwa sehemu kubwa haumpi mkulima utajiri.

Wenyeji ni Wamikmaki. Tangu zamani waliishi kwa kufuata majira: kiangazi walikaa pwani wakivua, na baridi ilipoingia walihamia ndani kuwinda. Nyumba na mitumbwi yao waliitengeneza kwa maganda ya miti, mepesi kubeba.

Mwaka 1713, Mkataba wa Utrecht ulipoipa Uingereza sehemu ya bara, Ufaransa ilibaki na kisiwa hiki, ikajenga mji wa ngome wa Louisbourg. Maofisa wake wakapima mali iliyopo. Makaa ya mawe yalianza kuchimbwa Port Morien mwaka 1720 kwa matumizi ya ngome. Lakini mali hasa ilikuwa chewa wa maji baridi. Alipasuliwa, akatiwa chumvi, akaanikwa kwenye vichanja ufukweni hadi akawa ng'onda, kisha akapakiwa merikebuni kwenda Ulaya na visiwa vya Karibi.

Wamikmaki nao waliingizwa kwenye hesabu hiyo, kama ngao dhidi ya Waingereza. Padri Antoine Gaulin alikuwa na misheni yake Antigonish, ng'ambo ya bara. Katika miaka ya 1720 misheni ilihamishiwa Malagawatch, kando ya Bras d'Or, ili wenyeji wakae karibu na kanisa, walime, na wapatikane vita vikizuka. Kila mwaka walipewa baruti, risasi na mablanketi. Walizipokea kama haki ya washirika, si ujira wa watumishi, na safari zao za majira hawakuziacha.

Louisbourg iliangukia mikononi mwa Waingereza mwaka 1758. Mikataba ya amani kati yao na Wamikmaki ikafuata mwaka 1760 na 1761, lakini walowezi waliendelea kumega ardhi. Mwaka 1942 serikali ya Kanada ilikuja na mpango wake wa kuwakusanya Wamikmaki wa jimbo zima katika vituo viwili, Eskasoni na Shubenacadie. Waliohama waliahidiwa nyumba na kazi. Wengi waliambulia ufukara.

Mwaka 1993 Mmikmaki Donald Marshall Mdogo alikamatwa kwa kuvua na kuuza mikunga huko Pomquet, jirani na Antigonish. Mwaka 1999 Mahakama Kuu ya Kanada ilimwachia huru, ikitamka kwamba mikataba ya 1760 na 1761 inawapa Wamikmaki haki ya kuvua na kuuza ili wajipatie riziki ya wastani. Wakoloni waliweka saini zao wakidhani wanatuliza watu wa kuhamishwahamishwa. Saini hizo ndizo zinazoibana serikali mpaka leo.