OB ya kompyuta italindwa na nini?

Msomaji wetu wa Mahoo, upande wa Taveta, ameuliza swali nililolipenda. Ikiwa polisi wataacha kitabu cha matukio, yaani OB, na kuandika ripoti zetu kwenye kompyuta, kwa nini kodi yake ilipie tena ulinzi wa kompyuta hiyo? Polisi si ndio walinzi wenyewe?

Jibu fupi ni kwamba kitabu kilikuwa kinajilinda. Aliyeibiwa pikipiki karibu na mpaka wa Holili huenda kituoni, ripoti yake ikaandikwa kwa kalamu, naye akapewa nambari ya OB yenye namba ya tukio, siku, mwezi na mwaka. Matukio hufuatana, na nafasi tupu haiachwi. Ukichana ukurasa, pengo linaonekana. Ukikwangua neno, karatasi inabaki na kovu. Kompyuta haina kovu. Mtu mwenye ruhusa ya kusimamia mfumo anaweza kugeuza "saa mbili usiku" kuwa "saa tatu usiku" na skrini ikabaki safi kama ilivyokuwa.

Mambo ya nywila na viungo vya kutiliwa shaka nayaruka. Hayo umeshaambiwa na benki yako hadi umechoka. Mdukuzi wa mbali nitampa aya moja tu. Mwishoni mwa Julai 2023, kundi lililojiita Anonymous Sudan liliifurikisha eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa maombi ya uongo hadi ikashindwa kuwahudumia watu wa kweli, na kijana wa Voi aliyehitaji cheti cha tabia njema ili aende kufanya kazi Ghuba akabaki akitazama ukurasa usiofunguka. Januari 2017, siku chache kabla Donald Trump hajaapishwa, wadukuzi waliteka mitambo 123 kati ya 187 ya kurekodi picha za kamera za polisi jijini Washington. Kwa hiyo yupo, na anauma.

Lakini anayenisumbua zaidi ni aliye ndani ya jengo. Juni 2025, mwalimu na mwanablogu Albert Ojwang alifariki akiwa mikononi mwa polisi katika kituo cha Central, Nairobi. Mamlaka Huru ya Kuangazia Utendakazi wa Polisi, IPOA, iliiambia Seneti kwamba mfumo wa kamera za kituo ulivurugwa, diski zikabadilishwa na kufutwa. Hakuna ukuta wa kuzuia wadukuzi wa ng'ambo ambao ungesaidia hapo.

Sasa tufike penye utamu. Kuna hesabu iitwayo SHA-256, iliyotolewa na Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000. Humeza maandishi ya urefu wowote, neno moja au kitabu kizima, na kutema mfuatano wa herufi na tarakimu 64, hauzidi wala haupungui. Mfuatano huo wengine huuita heshi, neno ambalo sikio langu linalikataa. Wengine husema muhtasari, na hilo ni kosa, kwa kuwa muhtasari hukuambia kilichomo, ilhali huu haukuambii chochote. Mimi nitauita chapa, na anayetaka kunipinga anipinge.

Maandishi yaleyale hutoa chapa ileile, iwe Voi au Tokyo. Badilisha herufi moja, au hata nukta, na karibu nusu ya biti zake 256, zile sifuri na moja zinazoiunda, zinageuka bila mpangilio unaoweza kuukisia. Hakuna anayejua njia ya kurudi kutoka kwenye chapa hadi kwenye maandishi isipokuwa kubahatisha, na chapa zinazowezekana ni nyingi kiasi kwamba idadi yake huandikwa kwa tarakimu 78. Bahatisha, basi.

Uhondo wenyewe huanza chapa zinapofungamanishwa. Tukio la kwanza katika OB linapigwa chapa. Tukio la pili, kabla ya kupigwa yake, linaongezewa chapa ya la kwanza. La tatu linaongezewa ya la pili, na kuendelea. Mtazame mama wa Kitaita anayefuma kikapu cha katani. Huanzia kitakoni akazunguka, kila mzunguko ukishikwa na ule uliotangulia. Akishafika mdomoni, umwambie kwamba uzi mwekundu wa mzunguko wa tatu ungefaa uwe mweusi, atakucheka. Kuugeuza ni kufumua kila kilicho juu yake, kisha kufuma upya. Ndivyo ilivyo kwa OB iliyofungamanishwa. Anayegusa saa katika tukio la tatu la Jumatatu anabadilisha chapa yake, hivyo la nne linakataa kulingana nalo, na la tano, na la sita, mpaka lililoandikwa leo asubuhi.

Utasema: je, akifumua chote usiku? Swali zuri, maana kompyuta ni fundi mwepesi kuliko mama yeyote wa Taita. Inaweza kufumua OB ya mwaka mzima na kuifuma upya watu wakiwa bado wamelala, na kikapu kipya kisiwe na kasoro hata moja. Dawa yake ni kukipiga picha kikapu kila jioni, mzunguko wa juu tu, yaani chapa ya tukio la mwisho, na kuibandika picha hiyo soko la Taveta, ambako kila muuza ndizi ataiona. Mwizi anaweza kufuma kikapu kingine cha kupendeza. Hawezi kukifanya kilingane na picha ambayo soko zima lilishaiona jana.

Haya si ndoto za mwandishi. Stuart Haber na Scott Stornetta walieleza mnyororo wa namna hii mwaka 1991, na kuanzia 1995 kampuni yao, Surety, ikawa inachapisha chapa kila wiki katika matangazo madogo ya New York Times. Aliyetaka kughushi hati ya zamani ingebidi azibadilishe nakala zote za gazeti hilo zilizotapakaa maktabani. Sisi Kenya tunalo Gazeti Rasmi la Serikali linalotoka kila Ijumaa. Mstari mmoja wa herufi 64 kwa kila kaunti ni mistari 47, ukurasa mmoja tu, na siri ya mlalamishi haimo hata chembe.

Chapa haizuii uongo ulioandikwa tangu mwanzo, wala hairudishi video iliyofutwa. Kuirudisha ni kazi ya nakala zilizohifadhiwa kwingine. Tuendelee na pesa.

Mwaka 2014 Safaricom ilipewa kandarasi ya takriban shilingi bilioni 14.9 kuwawekea polisi mawasiliano na kamera 1,800 Nairobi na Mombasa, na kuviunganisha vituo 195. Kamera huonekana, na waziri hupata utepe wa kukata. Mnyororo wa chapa hauna utepe. SHA-256 yenyewe ni ya bure. Kinachogharimu ni mishahara ya wataalamu wa kuutunza mfumo, hifadhi ya nakala, na mkaguzi wa nje ambaye bosi wake si polisi. Marekani ilitenga dola bilioni 1 katika sheria ya mwaka 2021 kuzisaidia serikali za majimbo na za miji kulinda mifumo yao. Nami naona ni uzembe kununua OB ya kompyuta bila kulipia kitu kitakachoonyesha kama imechezewa.

Na msomaji wangu asimwendee gavana wa Taita Taveta. Kwa mujibu wa Katiba, polisi ni jukumu la serikali ya kitaifa, hata pale ambapo chumba cha kituo kimejengwa kwa pesa za mfuko wa maeneo bunge, NG-CDF. Makadirio ya bajeti hutakiwa kufika Bunge la Taifa ifikapo tarehe 30 Aprili, kisha kamati hukaribisha maoni ya wananchi. Mwandikie mbunge wako wakati huo, na umuulize mawili: katika pesa za OB ya kidijitali, ni kiasi gani kimetengwa kwa ulinzi wake, na ni nani nje ya polisi atakayeshika chapa za kila siku?