Spika za Kikundi: Tuamini Masikio au Vipimo?



Kikundi kinachokodisha mahema na viti, mara nyingi hatua inayofuata ni kununua spika na amplifaya. Hapa Jomvu Kuu shughuli hazikosekani: harusi, matanga, harambee. Lakini hizo ni pesa za wanachama. Tukinunua vibaya, mtambo utalala stoo na mkopo utatungoja. Je, tuamini masikio, au tarakimu za kwenye boksi?

Tuanze na tarakimu. Mbele pameandikwa wati 3000 PMPO. Hiyo ni nguvu ya kufumba na kufumbua tu. Ulizeni wati za RMS, yaani nguvu ambayo mtambo waweza kuitoa mfululizo. Kisha ugeuzeni, msome nyuma unakula wati ngapi za stima. Ukiwa unakula 100, hauwezi kutoa 3000 usiku kucha. Debe la lita 20 halimimini lita 600!

Tena, wati zikizidishwa mara mbili, sauti hupanda desibeli 3 tu. Sikio lisikie sauti maradufu, wati zahitajika kama mara kumi. Basi msilipe pesa nyingi kwa tofauti ya wati 200 na 250.

Masikio nayo hudanganyika: mtambo unaolia juu kidogo huonekana mzuri zaidi. Kwa hivyo fanyeni hivi:

1. Linganisheni mitambo kwa wimbo mmoja, mahali pamoja, kwa sauti sawa. Programu ya simu ya kupima desibeli yatosha kusawazisha.

2. Mmoja awashe, wengine wageuke wasijue ni upi unaolia. Kila mtu aandike chaguo lake. Rudieni mara kadhaa.

3. Mtu asome hesabu kwa maiki, wengine wasimame nje, hatua 40. Wasipotofautisha "thelathini" na "themanini", mtambo huo haufai harambee, uwe na wati ngapi.

4. Uacheni ulie nusu saa kwa sauti ya kazi. Sikilizeni kama unakwaruza, shikeni kama unachemka.

Vipimo hutuambia nguvu ya mtambo. Masikio hutuambia kama maneno yatasikika. Kutumia kimoja tu ni kununua mbuzi kwenye gunia. Mwekahazina asitoe hata shilingi kabla majibu ya mambo haya hayajaandikwa kwenye kitabu cha mikutano.