Mangina: jirani mwema aliyezikwa bila mikono ya majirani

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ya Congo ilitangaza kwamba Ebola imefika Mangina, mji mdogo wa kakao ulio kilometa kama 30 magharibi ya Beni. Tangu siku hiyo hata kilio kilibadilika.

Zamani, mama mwema wa jirani akifa, wanawake wa mtaa ndio walimwosha, wakamvika kitenge chake kizuri, wakalala chini pamoja na wafiwa mpaka matanga yaishe. Wanaume walichimba kaburi. Wengine walileta kuni, ndizi na maharagi. Ebola ilikataza karibu yote hayo, maana maiti ya aliyekufa nayo imejaa virusi.

Timu za maziko zilikuja zimefunikwa mwili mzima, zikamtia marehemu ndani ya mfuko, majirani wakisimama mbali. Huko Beni na Butembo kuna waliozirushia mawe. Ni rahisi kuwalaumu kama hujafiwa vile.

Na ugonjwa ulimpata hasa mwenye moyo: yule aliyemsindikiza mgonjwa hospitalini, aliyefua mashuka yake, aliyemlelea mtoto.

Ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, ulikuwa umeua watu 2,287 katika Kivu Kaskazini, Ituri na Kivu Kusini. Timu nazo zilikuwa zimejifunza kungoja kidogo: familia iombe, iweke nguo za marehemu ndani ya sanduku. Majirani waliaga kwa sauti tu, wakiwa mbali.