Boma na Makadirio ya Nyumba

Neno "boma" katika mkataba wa ujenzi lahitaji kufafanuliwa. Kwa mafundi wa Tanzania, boma ni msingi na kuta kabla ya kupaua. Ukuta wa meta 10 kwa 3, usio na mlango wala dirisha, una meta za mraba 30. Huhitaji takribani matofali 300 ya saruji ya sentimita 45 kwa 23. Katika hesabu hiyo hamna bati hata moja. Basi mfasiri akiandika "boma" pale ambapo makadirio ya asili yamejumuisha paa, fundi na mwenye nyumba watagombana huku kuta zikinyeshewa. Twapendekeza "boma lililoezekwa" kwa jengo lenye paa. "Gofu" libaki kwa jengo lililochakaa.