Darubini Yako Inanata? Usiitupe

Waongoza watalii, wapenzi wa ndege na mabaharia wanalifahamu tatizo hili. Darubini ya macho mawili iliyokaa kabatini miaka mingi inatolewa, na mkono unaoishika unanasa kama umeshika ulimbo. Mwenyewe anaiosha kwa sabuni, anaianika, na siku chache baadaye inanata vilevile. Nyingi hutupwa hapo, nami inaniuma, kwa sababu lenzi na prizimu za ndani mara nyingi bado ni nzima kabisa.

Sabuni haisaidii kwa kuwa hakuna uchafu wa kuosha. Kinachonata ni utando wenyewe, unaovunjika. Tangu miaka ya 1990 viwanda vingi vimekuwa vikipaka plastiki ngumu rangi laini inayofanana na mpira, ili chombo kisiteleze mkononi. Utaikuta pia kwenye tochi, redio na vishikio vya kamera. Mara nyingi rangi hiyo hutengenezwa kwa poliyurethani, jamii ya plastiki iliyovumbuliwa Ujerumani na Otto Bayer na wenzake mwaka 1937. Aina inayoharibika upesi ni ile ambayo molekuli zake ndefu zimeunganishwa kwa viungo viitwavyo esta. Unyevu wa hewa hukata viungo hivyo kimoja kimoja. Kila kinapokatwa hubaki asidi, na asidi hiyo huharakisha kukatwa kwa vinavyofuata. Ndiyo maana utando huonekana mzima kwa miaka, kisha ukaharibika ndani ya muda mfupi, hata kama darubini haikuwahi kutumika. Joto huongeza kasi hiyo, na Tanga, Mombasa na Zanzibar zina joto na unyevu kwa pamoja. Mkoba uliofungwa vizuri, ambao mtu huuamini kuwa kinga, hufungia unyevu na asidi ndani.

Kabla ya kushika kitambaa, chunguza unachoshughulika nacho. Bonyeza kwa ukucha. Ukigusa plastiki ngumu au chuma mara moja chini ya unato, una utando mwembamba, na huo unaondoka. Ukucha ukizama kwenye mpira mnene na alama ikabaki, basi mpira wote umelainika na hakuna dawa ya kuurudisha. Mpira wenye nyufa au vumbi jeupe bila kunata ni tatizo jingine, usiutibu kwa njia hii.

Dawa ya utando mwembamba ni alkoholi ya isopropili, ya asilimia 90 au zaidi ukiipata. Ile ya asilimia 70 inafanya kazi pia, ila polepole. Spiriti ya duka la dawa inafaa mradi lebo isitaje mafuta yoyote, maana zipo zinazochanganywa na mafuta ya mbono. Jeli ya kutakasa mikono iache, ina vitu vya kuifanya nzito vinavyobaki juu ya plastiki. Fungua madirisha, kaa mbali na jiko na sigara, vaa glavu.

Kazi kubwa ni kulinda lenzi. Funika kwanza kwa vifuniko vyake, kisha zungushia seloteipu ya karatasi kwenye ukingo, isiguse kioo. Juu ya kioo kuna tabaka la kuzuia mng'ao, jembamba kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita, na ulimbo ulioyeyuka ukifika hapo ukausugua, utalikwaruza kwa vumbi lililomo ndani yake. Usimimine spiriti juu ya darubini hata kidogo. Lowesha kitambaa, kikamue, sugua eneo dogo, kisha geuza upande safi. Wanaoshindwa ni wale wanaotumia kitambaa kimoja mpaka mwisho, kwa kuwa wanahamisha ulimbo kutoka upande huu kwenda ule. Fulana kuukuu iliyokatwa vipande vingi inatosha. Kwenye mifereji tumia kijiti cha meno. Karibu na bawaba na gurudumu la kulenga, kitambaa kiwe karibu kikavu, maana spiriti ikipenya huosha grisi. Jua pia kwamba maandishi meupe ya ukuzaji yanaweza kufutika.

Asetoni, thina na petroli ziache mbali. Asetoni hupasua na kuyeyusha plastiki nyingi zinazotumika kwenye viunzi vya darubini. Poda ya mtoto huficha unato kwa muda mfupi, halafu huingia kwenye gurudumu la kulenga. Uji wa baikaboneti ya soda wengi wanausifu, na kwenye mpini wa tochi sina ugomvi nao. Kwenye darubini siupendekezi, kwa sababu chembe zake husaga.

Kama ni mpira mnene uliooza, ubandue kwa kijiko cha plastiki, kamwe si kwa kisu. Hapa kuna hatari ambayo watu wengi hawaijui. Darubini nyingi zina skrubu ndogo zilizofichwa chini ya mpira huo, na hizo ndizo zinazopanga prizimu. Ukizungusha moja kidogo tu, darubini itakuonyesha vitu viwili badala ya kimoja, na kurekebisha kunahitaji vifaa vya fundi. Zifunike kwa teipu kabla ya kusugua gundi iliyobaki chini ya mpira. Baadaye vika mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa kwa kipimo. Ule wa butili huvumilia hewa na jua kwa muda mrefu.

Ukimaliza, iache siku nzima penye hewa. Tangu hapo ihifadhi kwenye rafu iliyo wazi, isikae nyuma ya kioo cha gari. Osha mikono kabla ya kuishika ukiwa umejipaka dawa ya mbu yenye DEET, kwa maana DEET huyeyusha baadhi ya plastiki na rangi.

Ukikuta darubini ya mtumba inanata, angalia kwanza kama macho yote mawili yanaleta picha moja na kama kioo hakina ukungu wa ndani. Vikiwa vizuri, tumia huo unato kupunguza bei.