Usimnunue Mtoto wa Sokwe

Wazazi na vijana, fikirini jambo hili. Jioni mtu abisha hodi, amebeba kikapu. Ndani yake mna mtoto wa sokwe, anatetemeka kwa hofu. Mtu yule ataka fedha. Watoto wa nyumbani walia: “Baba, mnunue, atakufa!” Je, baba afanye nini?

Wengi watasema kumnunua ni huruma. Lakini kwanza tuulize: mama yake yuko wapi?

Sokwe hawaishi katika pori la Lubumbashi. Kwao ni misitu ya mbali, kaskazini na mashariki mwa Kongo. Mtoto hunyonya miaka minne au mitano, naye hushikamana na mamaye mchana na usiku. Mama hamtoi kwa hiari. Kwa hiyo mwindaji humwua mama kwanza, na mara nyingi jamaa zake waliokuja kumtetea. Nyama huuzwa, na mtoto hupelekwa mjini. Basi anayelipa kwa huruma amlipa mwuaji, naye mwuaji hurudi msituni kutafuta mwingine.

Sheria yasemaje?

Sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 na sheria ya kuhifadhi viumbe ya tarehe 11 Februari 2014 zamlinda sokwe. Hakuna ruhusa ya kumkamata, kumwuza wala kumfuga nyumbani kwa kujipendeza. Avunjaye sheria aweza kufungwa na kutozwa faini. Tena tangu mwaka 1976 nchi yetu imo katika mapatano ya Washington ya mwaka 1973, yanayozuia biashara ya wanyama walio hatarini.

Mtu atasema: “Ni mali yangu, nimemlipia.” Sivyo. Anunuaye baiskeli ya wizi hawi mwenye baiskeli.

Sheria yailinda nyumba pia. Sokwe mchanga hucheza na watoto, lakini akikomaa nguvu zake hushinda za mtu, naye huuma vibaya. Tena mafua na kifua kikuu huweza kuambukizwa kati ya watu na sokwe. Mwisho wake ni mnyororo.

Wanaonyang'anywa huenda wapi?

Mwaka 2006 Franck na Roxane Chantereau walianzisha hapa Lubumbashi kituo kiitwacho J.A.C.K., cha kuwatunza sokwe wachanga walionyang'anywa wafanya biashara. Kazi hiyo si ya siku mbili: sokwe huweza kuishi miaka 50, na aliyekosa mafundisho ya mamaye hajui kujitafutia chakula msituni.

Septemba 2022 wezi waliingia kituoni usiku, wakaiba watoto watatu wa sokwe, kisha wakadai fedha ili wawarudishe. Wenye kituo walikataa kulipa. Waliona kwamba wakilipa mara moja, wezi watarudi tena. Uamuzi huo ulikuwa mchungu, kwa maana waliwapenda wanyama wale kuliko sisi tuwezavyo kuwapenda kwa kuwatazama kikapuni.

Basi baba naye afanye vivyo hivyo. Asitoe hata faranga moja, bali awape habari mara moja wakuu wa serikali wanaosimamia mazingira na wanyama. Watoto watalia usiku huo. Awaeleze habari za yule mama aliyeuawa, nao wataelewa. Wahenga walisema: mchelea mwana kulia hulia yeye.